Jibu: Kwa nini Gatlin hakunyang'anywa dhahabu ya Athens?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini Justin Gatlin, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, bado anayo dhahabu ya mita 100 ya Olimpiki ya Athens 2004 ilhali alifungiwa kwa dawa zilizokatazwa michezoni, na ile sekunde 9.77 yake imepotelea wapi.

Kesi za aina hii mimi huanza na tarehe ya sampuli, si siku habari ilipotangazwa. Sampuli iliyomponza ilichukuliwa Kansas Aprili 2006, ikakutwa na testosteroni, homoni iliyokatazwa michezoni. Matokeo hufutwa kuanzia hapo kwenda mbele. Ile 9.77 aliikimbia Doha Mei 2006, akaifikia rekodi ya dunia ya Asafa Powell, kwa hiyo ikaenda na maji. Athens na dhahabu mbili za Mashindano ya Dunia ya Helsinki 2005 zilitangulia tarehe hiyo, zikabaki.

Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, ni habari nyingine. Alinaswa palepale kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, na rekodi yake ya Roma 1987 ilifutwa baada ya yeye mwenyewe kukiri. Gatlin alikana kutumia kwa kujua.

Kosa la kwanza la Gatlin, la 2001, usilichanganye na hili. Ile ilikuwa amfetamini, kichangamshi kilichokatazwa, iliyomo kwenye dawa ya tatizo la umakini aliyoandikiwa, na adhabu ya miaka 2 ikapunguzwa. Lakini lilimfuata: 2006 alikabiliwa na miaka 8, ikaishia 4.

Kuhusu kuzomewa kwenye Mashindano ya Dunia ya London 2017, alipomshinda Usain Bolt kwa 9.92 kisha akampigia goti, naelewa kabisa uchungu wa mashabiki. Ila adhabu alishaimaliza tangu 2010, na dhahabu ile ya London ni yake kihalali.