Kabla Hujapitisha Wino: Ushauri kwa Wanaoanza Kuchora Maisha Yao

Kila ninapoletewa kurasa na wachoraji wanaoanza kuchora vibonzo vya maisha yao wenyewe, nakutana na makosa yaleyale, tena yakiwa yamekwisha kupitishiwa wino, na hapo ndipo subira yangu inapoisha. Ninawapenda watu hawa, maana kuketi mezani ukichora aibu ya utotoni ili mtu usiyemjua aisome si kazi ya mwoga. Hata hivyo, penseli hufutika na wino haufutiki, na haya ninayoyaandika yangewaokolea kazi nyingi kama wangeyasikia mapema.

1. Tukio kutokea si sababu ya kutosha ya kulichora. Shajara ya vibonzo ni zoezi zuri sana la mkono na jicho, na James Kochalka, mchoraji wa vibonzo wa Marekani, aliendelea na yake tangu 1998 hadi 2012. Kitabu, hata hivyo, huhitaji swali linalokunyima usingizi, na ukurasa usioligusa swali hilo hauna budi kuondolewa hata kama ndio uliochorwa vizuri kuliko yote.

2. Jiulize ulikuwa umesimama wapi. Mwandishi wa hadithi ya maneno peke yake, bila picha, anaweza kusema kwamba baba alirudi nyumbani akiwa ameachishwa kazi, kisha akaendelea na mengine. Mchoraji hana pa kujificha namna hiyo: ni lazima aamue mlango ulifungukia upande gani, nani alikuwa ameketi, mikono ya baba ilishika nini, na jicho linaloyatazama yote hayo liko kwenye kimo cha nani.

Sura ya kwanza niliyowahi kuchapisha ilijengwa juu ya jioni kama hiyo. Nilijichora nikiwa mtoto nyuma ya mlango wa chumba, nikichungulia kutoka chini. Nikachora viatu vya baba vyenye vumbi, bahasha aliyoiweka mezani bila kuifungua, na mama akiendelea kukunja nguo pasipo kuinua uso. Picha hiyo ilikuwa wazi mno kichwani mwangu hata sikuona haja ya kumwuliza mtu yeyote. Dada yangu mkubwa aliisoma ikiwa imekwisha kutoka. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole juu ya yule mtoto wa mlangoni akasema, “Huyu ni mimi, mdogo wangu. Wewe ulikuwa umelala, nikakusimulia asubuhi yake.” Kisha akakisogeza kidole hadi kwenye bahasha: “Na hii ilifunguliwa. Mama ndiye aliyeifungua, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho.”

Nilijitetea kwanza kwa kusema kwamba kumbukumbu ni yangu na kila mtu ana haki ya kukumbuka anavyokumbuka, na utetezi huo ndio unaonichoma zaidi leo, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa changu peke yangu. Nilikuwa nimemwondoa shahidi mahali pake nikasimama mimi. Mama naye nilimfanya mwanamke asiyesema kitu, na kwa kuwa fremu ile ndiyo iliyonifundisha namna ya kumchora, alibaki kimya katika kila ukurasa uliofuata, ilhali usiku ule yeye ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusoma. Sura ilipochapishwa upya niliichora tangu mwanzo: asubuhi, watoto wawili kitandani, mkubwa akimsimulia mdogo, na masimulizi yake yakiwa katika mistari myembamba isiyo na kivuli, ili msomaji ajue kwamba anaona kilichosikiwa. Ilinibidi pia nirudie kurasa zote za mama, na viputo vyake vikajaa maneno.

Tangu hapo kila ukurasa wangu wa penseli una herufi pembeni mwa kila fremu: N ikiwa nilikuwepo, A ikiwa niliambiwa, K ikiwa ninakisia. Kukisia kunaruhusiwa, kinachokatazwa ni kukisia huku mistari yako ikiapa kwamba uliona. Tazameni alivyofanya mchoraji Art Spiegelman katika juzuu ya pili ya Maus, ya mwaka 1991, kitabu cha vibonzo kinachosimulia maisha ya baba yake chini ya Wanazi. Kumbukumbu zilizoandikwa zinasema kulikuwa na bendi iliyopiga muziki wafungwa wa Auschwitz walipotoka getini mwa kambi hiyo ya Wanazi, lakini baba yake, aliyekuwa mfungwa huko, haikumbuki hata kidogo. Spiegelman aliichora bendi, kisha katika fremu inayofuata akawachora wafungwa wakipita mbele yake hadi ikabaki kuonekana kwa shida. Maandishi na baba, kila upande umepewa nafasi yake, na msomaji anayaona mabishano yao bila kuhubiriwa.

3. Mwili una ukweli wake. Kwa ajili ya Fun Home, kitabu chake cha vibonzo kuhusu familia yake kilichotoka mwaka 2006, mchoraji Alison Bechdel alijipiga picha akiigiza mkao wa karibu kila mtu aliyemchora, akiwemo baba yake. Jaribuni hata mara chache: ukishainama kama alivyoinama mama yako, utajua uzito wa ile ndoo ulikuwa begani au kiunoni.

4. Sura yako mwenyewe iwe na alama chache ambazo msomaji atazitambua hata ukiwa umegeuka mgongo katika fremu ndogo.

5. Andika maneno ya viputo kabla ya kuchora nyuso, la sivyo utayabana pembeni. Na kisanduku cha maelezo kisirudie kile ambacho picha imekwisha kusema. Ukichora kwa ukubwa unaozidi ule wa kuchapishwa, punguza nakala ya ukurasa mmoja kwanza uone ni mistari gani inayopotea.

6. Wahusika wako ni watu walio hai, kwa hiyo waonyeshe kurasa zingali za penseli. Usiwaulize kama wamezipenda, kwa sababu watakuficha kwa upole. Waulize ni kitu gani hakikuwa hivyo, halafu nyamaza usikilize. Si lazima ukubali kila wanalosema, lakini ni lazima uwe umelisikia kabla hujafungua chupa ya wino.

7. Usiache ajira kwa sababu ya sura moja iliyosifiwa. Harvey Pekar alianza kuchapisha American Splendor, mfululizo wa vibonzo kuhusu maisha yake ya kila siku, mwaka 1976 akiwa karani wa majalada katika hospitali mjini Cleveland, Marekani, na aliendelea na ukarani huo hadi alipostaafu. Isitoshe, hakujua kuchora: aliandaa kurasa kwa vijitu vya vijiti na maneno, akawakabidhi wachoraji. Ofisi ile ndiyo iliyompa watu, mazungumzo na ugomvi mdogomdogo aliouandika.

Wale ambao kurasa zao ziko kwangu sasa watazipokea zikiwa hazina neno langu lolote kuhusu mistari yao, ambayo kwa wengi ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wao. Wazirudie kwa penseli, waandike N, A au K pembeni mwa kila fremu, kisha waniletee tena, nitazisoma zote.