Wanafunzi Wapya wa Hadithi Fupi, Tokeni Kichwani mwa Bosi

Rundo jingine la miswada limesomwa, na kwa mara nyingine mwandishi ameingia kichwani mwa kila mtu, hadi mwa dereva wa basi anayepita. Fani na maudhui mmefundishwa, istilahi mnazijua. Kinachowashinda ni kuzitumia kalamu ikiwa mkononi.

1. Ploti, yaani msuko wa matukio. Ule mchoro wa kilima mnaoukariri, kutoka utangulizi hadi kilele na mshuko, mwandishi Mjerumani Gustav Freytag aliueleza mwaka 1863 akichambua tamthilia yenye sehemu kuu 5. Hadithi ya maneno 2,000 haiwezi kutoa maneno 800 kwa utangulizi. Anzeni karibu na mgogoro. Kisha chukueni matukio mawili yanayofuatana myabadilishie nafasi: pasipoharibika kitu, hamjasuka ploti, mmeandika ratiba.

2. Wahusika. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa, wenye sifa moja tu, na wahusika duara, wenye sura nyingi, mwaka 1927, alikuwa anazungumzia riwaya. Ninyi mmeufanya ubapa kuwa tusi, kwa hiyo hata mlinzi wa geti anapewa utoto wenye majonzi. Mlinzi afungue geti, aende zake. Wahusika wawili au watatu wenye uzito wanatosha.

3. Usimulizi. Hapa ndipo miswada mingi inapofia, basi tukae kidogo. Tuseme mmechagua nafsi ya tatu inayomfuata Zuhura peke yake. Kurasa tano mnakwenda vizuri: tunaona anachokiona, tunahofu anachokihofu. Ukurasa wa sita anaitwa ofisini, na mnaandika: “Zuhura aliketi akitetemeka. Bosi alimwonea huruma, lakini alijua lazima amfukuze.” Taharuki imekwisha hapo hapo. Zuhura hajui kama atafukuzwa. Msomaji, aliyekuwa hajui pamoja naye, sasa anajua na anasubiri tu atangaziwe. Kosa hili hupenda kutokea kwenye kilele, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoingiwa na hofu kwamba hataeleweka.

Msije mkajitetea kwamba mlikusudia msimulizi maizi, yule anayejua yaliyo kichwani mwa kila mhusika. Maizi hujitambulisha mapema, aya za kwanza kabisa, wala hazuki ukurasa wa sita mambo yakishachacha. Dawa ni kumpa bosi tendo ambalo Zuhura anaweza kuliona: “Bosi alianza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.” Huruma ipo, wasiwasi upo, na hakuna aliyevuka mpaka.

Wengine wakiambiwa hivyo hukimbilia nafsi ya kwanza. Wanabadilisha “alipauka uso” kuwa “nilipauka uso”, utadhani mtu hutembea akijiangalia. Wakikumbushwa kwamba msimulizi haoni uso wake, wanaleta kioo, na Zuhura anasimama mbele yake aya nzima akijieleza pua na nyusi siku ambayo anakwenda kufukuzwa kazi! Mkibadilisha nafsi, pimeni upya kila sentensi: anayesema “mimi” ameyajuaje haya? Ameona, amesikia, ameambiwa au anakisia? Kama anakisia, lugha ionyeshe kwamba anakisia.

Kabla ya kuwasilisha, pitieni mswada kwa penseli. Pembeni ya kila aya andikeni jina la anayeona. Aya yenye majina mawili igawanyeni au iandikeni upya. Mswada wa kurasa nane hauchukui hata saa nzima, na bado wapo watakaoiruka hatua hii. Tunawajua kwa miswada yao.

4. Mandhari. Vitu viwili ambavyo mhusika anavigusa au kuvinusa vinafanya kazi kuliko aya ya jua linalochomoza.

5. Dayolojia, yaani mazungumzo ya wahusika. “Alisema” inatosha, acheni “alinguruma”, “alifoka” na “alibweka” kwenye ukurasa mmoja.

6. Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kwenye tukio lililopita. Kimoja, kifupi, na kiletwe na kitu kilicho mbele ya mhusika.

7. Dhamira. Futeni sentensi ya mwisho ya hadithi, msome tena. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa inatangaza funzo, na hadithi inasimama vizuri bila hiyo. Ikibidi, futeni na iliyoitangulia. Ila anayemalizia kwa “kumbe ilikuwa ndoto” asiishie kufuta sentensi moja. Arudi kwenye mgogoro aandike upya kuanzia hapo.