Shuleni kasoma chati yote, nyumbani haoni bango: jibu la mpima macho

SWALI: Shikamoo dokta. Binti yangu ana miaka 9. Walipita wapima macho shuleni kwao akasoma chati yote mbele ya darasa zima, wakaandika yuko sawa. Ila nyumbani TV anaisogelea mpaka anataka kuilamba, na juzi tuko wawili tu nikamwambia asome bango la duka ng'ambo ya barabara akashindwa, kaka yake alipotokea, binti akalisoma. Bibi yake anasema ni jicho la watu, jirani anasema anadeka, na kuna kijana pale stendi anapima na kuuza miwani, yeye anasema macho ya mtoto yana "aibu" na anataka 15,000 ya matone. Kwani macho yanaweza kuona zaidi ukiwa na watu? (Mama, Korogwe)

JIBU: Marahaba mama. Mi sio dokta, ni mpima macho tu, lakini hili umeleta mahali pake maana nakutana nalo kila mara, kila nikitoka kupima mashuleni lazima wiki inayofuata aje mzazi na karatasi imeandikwa "sawa" halafu mtoto anapapasa mlango.

Jicho la binti yako halijui kama chumbani kuna watu au hakuna. Kama picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea picha, itatua palepale hata akizungukwa na shule nzima pamoja na mwalimu mkuu. Mboni inaweza kutanuka kidogo mtu akiingiwa na hofu, sawa, lakini kwa asiyeona mbali mboni ikitanuka ukungu unaongezeka, haupungui. Kwa hiyo hapana, hayaoni zaidi. Kinachobadilika ni jibu linalotoka mdomoni, na hapo ndipo watu wanapochanganya wananimalizia uvumilivu, wanadhani mtu akisema "naona" basi ameona.

Ngoja nikuonyeshe darasani kulivyo. Chati imebandikwa ukutani, ile ya E zinazoangalia huku na huku, watoto wamejipanga foleni na wote wanaiona chati hiyohiyo kabla zamu yao haijafika. Wa kwanza anaonyesha kwa kidole: kulia, juu, chini, kushoto. Mpaka tumefika wa kumi na tano wimbo umeshakaririwa. Siku moja nilimpima mvulana mmoja, kafunika jicho na kiganja, vidole vimeachia nafasi anachungulia katikati, na nyuma yangu wenzie wanamwonyesha kwa mikono, mwalimu naye pembeni "we si unaona, sema vizuri!" Akapata mstari mzima. Nikaachana na chati, nikachukua kadi yenye E moja ambayo naizungusha mwenyewe mkononi, nikawatoa wenzie wote nje. Akakosa karibu kila mara. Na hakuwa muongo yule mtoto, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kuliko mimi.

Na usidhani ni utoto. Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1950 aliweka wanafunzi wa chuo kwenye chumba wakalinganisha urefu wa mistari, kitu cha wazi kabisa, mtu akiwa peke yake anakosea chini ya mara 1 katika 100. Lakini wengine wote mle chumbani walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo kwa sauti moja, na yule mmoja asiyejua akafuata uongo wao kwenye kama theluthi moja ya majibu, na watu 75 katika 100 walifuata angalau mara moja. Alipowahoji baadaye wengi walisema mstari waliuona vizuri tu ila waliona labda wao ndio wana kasoro, au hawakutaka kuonekana wa ajabu. Akipatikana mtu mmoja tu mle ndani wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka sana.

Sasa ile ilikuwa mistari inayoonekana. Muzafer Sherif yeye mwaka 1935 alichukua chumba cha giza na kanukta kamoja ka mwanga ambako hakasogei, ila gizani jicho linadanganyika linaona kama kanatembea. Mtu peke yake anasema kipimo chake, wakiwekwa pamoja baada ya muda wote wanasogea kwenye kipimo kimoja, na ukimtoa mtu ukamweka peke yake tena anabaki na cha kundi. Yaani pasipo na uhakika, ya watu yanakuwa yako. Na mtoto mwenye ukungu machoni anaishi kwenye kile chumba cha giza mchana kweupe! Anayeona vizuri hana haja ya kuangalia kidole cha mwenzie. Anayekihitaji ni huyuhuyu wa kwako, ndo maana kupima watoto kwa kundi kunawapitisha hasa wale tuliokwenda kuwatafuta, hili nimewaambia watu kwenye vikao mpaka nimechoka.

Hilo bango la duka ndo hivyohivyo. Kaka kaja, kaangalia upande fulani, labda kataja herufi ya kwanza, na duka lenyewe mtoto analipita kila siku. Alikumbuka, hakusoma.

Kuna na kinyume chake, wapo wanaoshindwa kwa sababu wanaangaliwa. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo watu kunasaidia jambo rahisi na kunaharibu gumu, halafu 1969 na wenzie wakalipima kwa mende, mende jamani, wakitazamwa na mende wenzao wanakimbia haraka zaidi kwenye njia iliyonyooka ila kwenye njia yenye kona wanachelewa. Na wapo wanaotaka miwani kwa vile rafiki kapata, hao nawawekea lenzi isiyo na namba yoyote ghafla wanasoma mpaka mstari wa mwisho.

Nije kwa huyo kijana wa stendi. Macho yenye aibu ndo ugonjwa gani huo? Biashara yake yote inaendeshwa na wale watu waliomzunguka. Anakuvalisha miwani, anauliza kwa sauti "unaona sasa mzee?", wapita njia wanasema "umependeza", konda anacheka, nani atasema sioni? Unasema naona, unatoa hela. Nilipata mzee mmoja kanunua miwani namna hiyo mara tatu, kila mara kaambiwa na kukubali kwamba anaona. Kuja kwangu alikuwa na presha ya macho, jicho moja limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na presha ya macho kilichoondoka hakirudi, unazuia tu kilichobaki. Miaka miwili ilipotea kwa makofi ya watu wa stendi.

Hayo matone ndo usiguse kabisa. Hakuna tone litakalomfanya asiyeona mbali asome bango kesho, na baadhi ya yanayouzwa kiholela yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, wekundu unaisha siku mbili unasema dawa kiboko, ukiendelea nayo bila kupimwa yanapandisha presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo 15,000 unanunua ugonjwa ambao mtoto hakuwa nao. Na bibi mwambie kwa heshima kwamba jicho la watu halijui kuchagua umbali, huyu anaona kitabu vizuri haoni bango.

Mtoto apimwe jicho moja moja, lingine lifunikwe na kitu kizima sio vidole, maana jicho zima huwa linalibeba lenzake na likibebwa muda mrefu linakuwa jicho vivu, kwa miaka 9 usikawie. Halafu waulize wana retinoskopu au hawana. Ni kifaa kidogo cha mkononi, tunamulika jicho tunasoma mwanga unavyorudi huku tukibadilisha lenzi, kwa mtoto mara nyingi tunaweka kwanza matone ya kupanua mboni, na namba ya miwani inapatikana hata akinyamaza kimya. Hapo hakuna wa kumnong'oneza.

Mlete hospitali ya wilaya siku ya kliniki ya macho, asubuhi kabla hajachoka. Wewe kaa nyuma yake asikuone uso, na kaka yake abaki nje.