Umeajiriwa, Lakini Macho Yako Wazi

Swali: Je, ni usaliti kutafuta kazi nyingine ilhali bado nalipwa hapa nilipo?

Hapana. Mwajiri anakudai kazi nzuri na uaminifu, hakudai kwamba usiwaze kesho yako. Usaliti ni kuaga kwamba unaumwa kumbe unakwenda kwenye usaili, au kuondoka na orodha ya wateja ili umpelekee mshindani. Chukua siku ya likizo, au omba usaili ufanyike nje ya saa za kazi. Mwajiri mpya akilipuuza ombi hilo kabisa, mimi ningeanza kumtilia shaka.

Swali: Nitatafutaje bila bosi kujua?

Usitumie kompyuta wala baruapepe ya ofisi, kwani kampuni nyingi zina uwezo wa kuona yanayopita humo. LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ina sehemu ya kuwajulisha wanaotafuta wafanyakazi, bila watu wengine kuona, kwamba uko tayari kwa kazi mpya. Mtandao huo pia hujaribu kuficha jambo hilo wasilione waajiri wa kampuni yako, ila wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha usiri kamili. Kwa hiyo jiulize kwanza: bosi akijua leo, nitasema nini? Wadhamini nao wateue miongoni mwa uliofanya nao kazi zamani, na uombe kwa maandishi kwamba mwajiri wako wa sasa asipigiwe simu mpaka ofa itolewe.

Swali: Nimewauliza rafiki zangu wote, hakuna aliyesikia nafasi. Nifanye nini?

Umeuliza watu wasiofaa, ingawa wanakupenda. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa Marekani waliobadili kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takribani 17 tu kwa kila 100 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walionana naye kwa nadra, au mara moja moja tu. Sababu inaeleweka: rafiki wa karibu anazunguka mlemle unamozunguka wewe, habari zenu ni zilezile. Mtafute uliyesoma naye, au aliyehamia idara nyingine miaka iliyopita. Msalimie, muulize kazi yake ikoje, na usimtwishe ombi siku ya kwanza. Haya yafanye hata mwaka ambao huna haja ya kuhama. Anayekumbuka watu siku ya shida tu hujulikana upesi.

Swali: Nimeahidiwa kazi kwa simu. Niandike barua ya kuacha kazi leo?

Usiandike. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Wakati huo soma mkataba wako wa sasa: notisi ni ya muda gani, na je, kuna kifungu kinachokuzuia kwenda kwa mshindani? Nguvu ya kifungu hicho hutofautiana. Jimbo la California halikitambui, isipokuwa kwa nadra sana. Kwingine kinaweza kukubana. Ukikiona, muone mwanasheria kabla ya kusaini popote.

Swali: Bosi amesikia naondoka, ameniongezea mshahara. Nibaki?

Kama shida ilikuwa pesa peke yake, baki, na nyongeza hiyo uipate kwa maandishi. Kama ulikuwa unaondoka kwa kudharauliwa, nenda.