Shahada ya uzamili na leseni ya kufundisha michezo kwa wenye ulemavu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mjini Moshi, na nina shahada ya kwanza ya ualimu. Ninao wanafunzi wawili wenye uoni hafifu na mmoja mwenye mtindio wa ubongo, ambao kipindi cha michezo kikifika hukaa kivulini wakilinda mabegi ya wenzao. Nataka kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili ya elimu ya viungo kwa wenye ulemavu. Je, nikihitimu nitakuwa nimepata na leseni ya kufundisha?
Mwalimu wa Michezo, Moshi

JIBU: Hapana, Mwalimu. Shahada hutolewa na chuo kikuu, ilhali leseni ya ualimu nchini Marekani hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. California, kwa mfano, ina kibali maalumu cha somo hili, lakini kibali hicho huongezwa juu ya leseni ambayo mwalimu tayari anayo. Upo pia mtihani wa kitaifa uliojengwa juu ya viwango 15, ambao humtaka mtahiniwa awe na leseni halali ya ualimu pamoja na saa zisizopungua 200 za mafunzo kwa vitendo. Anayefaulu hupata hadhi ya kitaaluma, si leseni.

Fani hii imekua sana huko kwa sababu sheria ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliitaja elimu ya viungo kuwa sehemu ya elimu maalumu, kwa hiyo shule haziwezi kuichukulia kama mapumziko.

Ikiwa nia yako ni kurudi Moshi, kama barua yako inavyoashiria, usihangaikie leseni ya jimbo lolote. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kuondoka, na ukirudi peleka cheti chako Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili kitambuliwe.

Chuo kipime kwa mafunzo yake ya vitendo: utafundisha watoto gani, wapi, na chini ya usimamizi wa nani? Mwalimu aliyesoma nadharia tupu anaweza kumwamuru mtoto mwenye dauni sindromu abiringike kichwa chini pamoja na wenzake, bila kufahamu kwamba baadhi ya watoto hao wana viungo vya shingo vilivyolegea na wanaweza kuumia uti wa mgongo, hivyo wanahitaji kupimwa na daktari kwanza. Aliyefunzwa kwa vitendo, akiwa na mwanafunzi asiyeona vizuri, atatafuta mpira wenye kengele ndani, kisha atawanyamazisha watazamaji (kazi ngumu kuliko kuupata mpira wenyewe) ili mlio usikike.

Kabla ya kutuma maombi, fika Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Kipo kando ya barabara hiyo hiyo ya Moshi na Arusha. Waulize kuhusu kozi zao na uombe kuona wanavyofundisha. Wale wanafunzi wako watatu nao wasisubiri shahada yako: zungumza na wazazi wao juu ya ushauri wa daktari, kisha waingize uwanjani muhula huu kwa mazoezi wanayoyamudu.