Klachi inateleza mlimani: giaboksi isubiri kwanza

Ndugu yangu, umesema ukipanda kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga injini inaunguruma lakini gari haliendi, na fundi anataka kushusha giaboksi. Mwambie asubiri. Hiyo ni klachi inateleza.

Kwa kuwa yako ni ya waya, bonyeza pedeli kwa mkono. Lazima iende bure kidogo kabla ya kuwa nzito. Kwa magari mengi ni milimita 15 hadi 25. Ikiwa nzito tangu juu, waya umekazwa mno na pleti, ile sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haibanwi sawasawa. Legeza nati ya kurekebishia kule mwisho wa waya, pima tena, kisha kaza nati ya kufungia.

Halafu vuta hendibreki, mbele pasiwe na mtu, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Injini ikizima, pleti bado inashika. Injini ikiendelea kuunguruma, pleti imeisha. Usirudierudie jaribio hili, linaunguza pleti.

Hapo ndipo giaboksi ishuke, na badilisha pleti, presha (sahani inayoibana pleti) na beringi ya klachi kwa pamoja, maana kulipia ufundi uleule mara mbili kunauma. Kagua pia sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isivuje. Oili ikivujia pleti mpya, itateleza tena.