Ukitaka Kutetea, Kashtaki Kwanza

Binti mmoja aliyeapishwa uwakili hivi karibuni ameniandikia inbox. Shikamoo dada, niombe kazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au nikakae ofisi ya wakili wa jinai? "Naogopa kushtaki watu nisiowajua, na naogopa kutetea watu ninaojua wamefanya."

Marahaba mdogo wangu. Nilishamjibu kwa kifupi: kashtaki kwanza. Naeleza hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kusimama mahakamani na kusikilizwa.

Uingereza hawana mtihani huu. Barrister wa jinai ni wakili wa kujitegemea: wiki hii waendesha mashtaka wanamkodi, wiki ijayo anamtetea mtu mwingine, joho ni lile lile. Kwetu Tanzania wakili wa serikali hachukui kesi binafsi. Ukitaka kuvuka unaandika barua ya kuacha kazi. Mimi niliandika.

Kushtaki kulinifundisha kusoma jalada. Maelezo ya mashahidi, maelezo ya onyo (anayoandikisha mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa), ramani ya eneo la tukio, PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari), hati ya ukamataji mali: ukiwa upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, unayapitia ukitafuta matundu ya kuziba kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Chukua kesi ya dawa za kulevya. Mzigo unatoka kwa askari aliyekamata, unakwenda kwa mtunza vielelezo, unakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, unarudi. Kila anayeupokea lazima ajulikane, na siku aliyoupokea. Nimehangaika sana kutafuta sahihi moja iliyokosekana kwenye safari hiyo, ndiyo maana leo nikipewa nakala kama mtetezi macho yanakwenda huko yenyewe.

Ushahidi wa utambuzi ni hivyo hivyo. Kila mwanafunzi wa sheria amekaririshwa kesi ya Waziri Amani ya 1980, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa. Umbali, muda, mwanga, kama walifahamiana kabla. Kukariri ni rahisi. Mwezi uliopita nilikuwa na kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana na ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30. Shahidi alikuwa amesema vizuri tu kwamba alimtambua mteja wangu kwa mwanga wa taa ya sola. Zamu yangu ya maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, ikafika.

Taa ilikuwa wapi? Barazani. Wewe ulikuwa wapi? Chumbani. Mlango wa chumba? Ulikuwa umefungwa, wakauvunja. Walikuwa na tochi? Ndiyo. Walimulika wapi? Machoni kwangu.

Nikakaa. Chumba kizima kiliguna, kwa sababu tangu sheria ya 2021 ikifanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ndugu wa pande zote wanalielewa swali linapotoka. Kijana aliyekuwa pembeni yangu alinong'ona, "Muulize sasa alimwonaje!" Hapana. Hilo ndilo swali ambalo shahidi angelipatia jibu. Mteja wangu aliachiwa huru, na sitaona haya kusema nilijisikia vizuri.

Ila msidhani mtapongezwa. Wapo niliofanya nao kazi ambao tukikutana koridoni wanaangalia simu. Msibani, shangazi mmoja aliniuliza mbele za watu, "Wewe si ndiye unayewatoa majambazi?" Wengine walisema nimefuata hela. Hela gani? Mteja wangu wa kwanza, ndugu zake walinilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na salio lake bado nalidai.

Kwa hiyo acheni kutafuta kupendwa. Kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ni mzigo wa Jamhuri, haujawahi kuwa wa mshtakiwa. Mteja akikwambia amefanya, huwezi kumpandisha kizimbani aseme uongo, lakini kupima ushahidi dhidi yake unaweza na unapaswa. Asiyeweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja akafanye sheria ya mikataba, huko kuna viyoyozi. Na usishtaki kwa hasira wala usitetee kwa huruma. Soma jalada. Halafu lisome tena.

Wewe uliyeniandikia, ukiajiriwa, jizoeze kwenda eneo la tukio saa ile ile ya tukio. Kama ni usiku nenda usiku, na mpelelezi, simama alipokuwa shahidi, mwambie mwenye nyumba awashe taa ile ile. Posho ya safari hiyo usiisubiri. Mimi nilikuwa nakwenda kwa bodaboda.